Gavana na vijana wa rumande

Kaka, umeuliza kwa nini kaunti haiwatoi vijana wetu wa Malindi wanaosota rumande kwa kesi ndogo ndogo. Haina uwezo huo. Polisi, mahakama na magereza ni ya serikali kuu kwa katiba ya 2010. Ila gavana naye asijifiche hapo: sheria ya polisi ya 2011 inampa yeye, au mtu wa baraza lake atakayemteua, kiti cha mwenyekiti katika mamlaka ya polisi ya kaunti, chombo cha kufuatilia kazi ya polisi katika kaunti. Hapo ndipo pa kumbana.

Na kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Ibara ya 49 ya katiba yasema kosa likiwa adhabu yake ni faini tu, au jela isiyozidi miezi 6, mtu hawekwi rumande. Basi! Mama anauza mbuzi atafute dhamana, na hata karatasi ya mashtaka hajaisoma ajue mwanawe kashtakiwa kosa gani. Tena kijana akipatikana na hatia, hakimu anaweza kumpa kazi za jamii, kama kupanda miti, badala ya kumfunga; sheria hiyo ipo tangu 1998.