Maswali yenu: hopsi tatu, sufuria moja

Nina hopsi (maua ya kutia bia uchungu na harufu) za Citra, Simcoe na Chinook, gramu 100 kila pakiti. Nizitie zote kwenye lita 20 za eli, bia kali yenye kileo cha asilimia 7? (Kisumu)

Tia, ila si kwa wakati mmoja. Ukipika mchuzi, tangawizi huingia mapema na dhania hungoja sufuria iepuliwe. Hopsi nazo ni hivyo hivyo: zikichemka saa nzima hutoa uchungu, lakini harufu yote huondoka na mvuke. Chinook ina asidi ya alfa, chanzo cha uchungu, kama asilimia 13, basi ipe kazi ya uchungu: gramu 30 mchemko ukianza, dakika 60. Citra hunukia maembe na pasheni. Simcoe huleta msonobari na utomvu. Ukishazima moto, ngoja joto lishuke hadi nyuzi 80, tia Citra gramu 30 na Simcoe 20, funika dakika 20. Chachu ikikaribia kumaliza kazi, tia Citra 60 na Simcoe 40 ndani ya ndoo kwa siku tatu. Zilizobaki zirudi friza.

Utaona sikugawa nusu kwa nusu. Mmoja aongoze wimbo, mwenzake aitikie. Niliwahi kuchanganya aina tano kwa kipimo sawa, nikapata ndoo nzima yenye harufu ya nyasi zilizofyekwa jana. Wageni wangu walimaliza glasi kwa heshima tu.

Nilifuata vipimo vya Kimarekani hadi gramu ya mwisho, lakini uchungu umekuwa hafifu. Nilikosea wapi? (Nakuru)

Hukukosea, ni mahali ulipo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe yetu humaliza makaa. Asidi ya alfa huhitaji joto ili igeuke kuwa ule uchungu unaobaki kwenye bia, na joto likipungua hugeuka polepole. Isitoshe, bia kali ina sukari nyingi ya kimea, nayo hupunguza uchungu unaotoka. Ongeza hopsi za mwanzo kwa robo hivi, kisha onja na urekebishe pishi lijalo. Za mwisho usiziguse, hizo ni za harufu. Wa Kisumu wana nafuu kidogo: kwao mchemko ni karibu nyuzi 96.

Mapishi yanataka hopsi za Magnum gramu 30, mimi nina Cascade tu. (Kakamega)

Soma asilimia ya alfa kwenye pakiti zenyewe, maana hubadilika kila mavuno. Tuseme Magnum ni 13: 30 mara 13 ni 390. Kama Cascade yako ni 6.5, gawa 390 kwa 6.5 upate gramu 60. Uchungu utalingana, ila sufuria itakuwa na majani mengi zaidi na utapoteza bia kidogo kwenye masimbi.

Pakiti niliyofungua ilikaa kabatini miezi kadhaa, sasa inanuka jibini. (Bungoma)

Tupa. Hewa na joto vimeshaziharibu. Nyingine ukifungua, kamua hewa yote, funga kabisa, weka friza.

Je, naweza kupanda hopsi shambani? (Kimilili)

Mmea utatambaa vizuri, shida ni maua, na bia hutaka maua. Hopsi zimezoea mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini, sisi wa ikweta tuna saa 12 mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, eneo la George, wakulima waliwasha taa mashambani kurefusha mchana, kabla ya kupata aina zinazovumilia kwao. Piga hesabu ya stima kwanza.

Majirani wameonja, wanataka kununua. (Nakuru)

Bila leseni, hapana. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 inaidai kwa anayetengeneza na kwa anayeuza. Anzia ofisi ya kaunti, sufuria ingoje.