Moshi humuua paka kabla moto haujamfikia

Kama unafuga ndani ya nyumba hapa Dar, anza kuuogopa moshi. Jirani yetu wa Tabata, chumba chake kilishika moto kwenye waya wa ekstensheni. Tuliuwahi, hata godoro halikuungua. Paka wake tulimkuta uvunguni, manyoya yote mazima, ameshakufa.

Paka akiogopa hakimbilii mlangoni, anajificha: uvunguni, nyuma ya friji, juu ya kabati. Yajue maficho yake mapema, na umwonyeshe dada wa kazi, maana yeye ndiye anayeshinda naye. Nondo za dirisha paka anapenya, wavu wa mbu ndio unaomzuia. Chumba anacholala, acha hata pembe moja ya wavu inayofunguka kwa kusukumwa.

Mbwa wengi mjini hushinda bandani kwa kufuli, na ufunguo baba kaondoka nao kazini. Jamani, wekeni komeo tu, au ufunguo utundikwe mahali kila mtu anapoufikia.

Masika, mvua ikikolea, jiko la mkaa huingizwa ndani. Hapo hakuna hata mwali, lakini mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndege ndio huanguka wa kwanza. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na kanari, ndege wadogo, migodini kwa sababu hiyo hadi 1986. Basi kasuku asikae jikoni.

Moto ukiwaka, piga 114, Zimamoto, uwaambie mnyama yuko chumba gani. Usirudi ndani mwenyewe, hata ukimsikia analia. Najua inauma.

Akitolewa, mlaze penye hewa safi. Na tafadhali, msimnyweshe maziwa! Watu wetu wakisikia moshi wanakimbilia maziwa, lakini mnyama anayehema kwa shida yatampalia na kuingia mapafuni. Akikohoa, akitoa mate mengi, akiyumba, au paka akihema mdomo wazi, ni dharura. Hata akionekana mzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye. Dawa yake kubwa ni oksijeni, na si kila kliniki inayo. Wiki hii ulizia kliniki yenye oksijeni iliyo karibu nawe, na namba yao ibandike kwenye mlango wa friji.