Tola 8 za mjane: zaka ipo au haipo?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mjane, nina watoto wanne. Nina dhahabu ya mahari yangu, tola 8 za karati 22, na mitali ya fedha gramu 200. Sivivai, nimeviweka kwa ajili ya ada za shule. Mtoa darsa mmoja kasema nisabu ya fedha, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni wakia 5, yaani gramu 155, basi mitali ina zaka. Kwenye dhahabu, huyu ananiambia tola 7 na nusu, yule gramu 85. Nifuate lipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yetu. Allah amrehemu mumeo na akusimamie wewe na mayatima wako.

Nianze na wakia, maana kauli hiyo inawatoza wanyonge wasichodaiwa. Hadithi ya Abu Said al-Khudri kwamba chini ya wakia 5 hakuna zaka ni sahihi. Kosa ni kuipima kwa wakia ya masonara wa leo, gramu 31.1. Wakia ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa dirhamu 40, yaani sarafu 40 za fedha. Ushahidi umo katika Sahihi Muslim: Bi Aisha anaeleza kuwa mahari ya wakeze Mtume yalikuwa wakia 12 na nusu, kisha anasema hizo ni dirhamu 500. Gawanya, utapata 40. Dirhamu 10 ni mithqali 7, na mithqali ni gramu 4.25, hivyo dirhamu ni gramu 2.975, wakia ni 119, na wakia 5 ni 595. Mwenye kusema 155 ameishusha nisabu hadi karibu robo yake, na hana mwanachuoni wa kumtegemea. Asiyejua mizani asiwatangazie watu deni la Allah. Mitali yako haina zaka, wala katika madhehebu ya Shafi haiunganishwi na dhahabu.

Dhahabu ina khilafu ya kweli, yaani maulamaa wametofautiana. Nisabu ni mithqali 20 kwa wote. Maulamaa wa Bara Hindi wameihesabu mithqali kuwa masha 4 na nusu. Tola ina masha 12, ndipo ikaja tola 7 na nusu, yaani gramu 87.48. Wengine wamepima dinari zilizosalia za khalifa Abdul-Malik bin Marwan, sarafu za dhahabu za uzito wa mithqali moja, wakapata gramu 4.25, hivyo mithqali 20 ni gramu 85. Naichukua hii, kwa kuwa sarafu yenyewe ipo na imepimwa.

Sasa yako. Tola ni gramu 11.664, mara 8 ni 93.31. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 24: dhahabu halisi ni gramu 85.54. Umepita kwa nusu gramu tu! Sonara akikuhesabia tola kwa 11.5, unabaki 84.33 na zaka imeondoka. Kito kimoja kisichotolewa nacho kinageuza hukumu. Kwa hiyo usitegemee tola za mdomo. Ipime kwa gramu kwenye mizani ya kidijitali, uzito wa vito utolewe kwanza.

Ikithibiti kuwa dhahabu halisi imefika gramu 85 na mwaka wa Kiislamu umetimia, utatoa asilimia 2.5, yaani gramu 2.14 za dhahabu halisi kwa hesabu ile ya 85.54. Thamani yake kwa bei ya siku hiyo inatosha kwa kauli ya wanaoruhusu, nami nakuchagulia hiyo, usikate mkufu. Kusema kuwa pambo halina zaka hakukuhusu, kwa sababu umeiweka akiba. Ukishaitumia kwa ada ikashuka chini ya 85, hudaiwi tena mwaka unaofuata.

Na mahari ni yako peke yako. Ndugu wa marehemu wasiyaingize kwenye mirathi.

Jingine: kumiliki nisabu hakukuzuii kupokea zaka. Kwa Shafi, fakiri ni asiyetoshelezwa na alichonacho kwa mahitaji yake na wanaomtegemea. Kama chakula na ada vinakushinda, nenda kwa wagawaji wa zaka msikitini kwako, uwaeleze hali yako bila kuona haya.

Wallahu a'lam.