Siku za uumbaji zilikuwa na urefu gani, na kwa nini mafundisho yamebadilika?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Umoja. Marehemu baba yangu alinifundisha tangu utotoni kwamba kila siku ya uumbaji ilikuwa miaka 7,000 kamili. Alikuwa amesoma hivyo katika vitabu vyake. Biblia yake ninayo mpaka leo, na pembeni mwa Mwanzo sura ya 1 amejaza hesabu kwa penseli. Nilipokua nikasikia wengine wakisema ni "vipindi virefu" tu, bila idadi. Kanisani ninakoabudu sasa, mhubiri anasema ni saa 24, na asiyekubali hana imani. Juzi kifungua mimba wangu, yuko Gredi ya 7, alipelekwa na shule kwenye Makumbusho ya Taifa. Amerudi ameona mifupa ya zaidi ya miaka milioni moja, akaniuliza: "Mama, siku ya Mungu ina saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kama walimu wa dini wanabadilisha mafundisho, tushike lipi? Na je, nimwambie mwanangu kwamba babu yake alikosea?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Nimelisoma swali lako mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna mtoto anayengoja na baba aliyelala. Nitaanza na la mtoto.

Fungua Mwanzo 1:5. "Mungu akaiita nuru Mchana, na giza akaliita Usiku. Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Sisi tunaona maneno mawili hapo, mchana na siku. Katika Kiebrania ni neno moja, yom, limetokea mara mbili ndani ya mstari mmoja. Mara ya kwanza ni ule mwanga peke yake, kuanzia kucha hadi kuchwa, bila kuhesabu giza. Mara ya pili ni jioni na asubuhi pamoja. Watafsiri wetu walikuwa na maneno mawili mazuri wakayatumia, na walifanya vema, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba neno limeshabadilika upana kabla mstari haujaisha. Sasa shuka hadi 2:4: "Siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi." Ni yom ileile, na hapo imekusanya kazi ya juma zima. Vipimo vitatu katika ukurasa mmoja. (Hiyo jioni kutangulia asubuhi isikusumbue. Mzee wa Lamu au Mombasa akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hesabu ya Waebrania ni hiyohiyo.)

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba neno lenyewe linathibitisha saa 24, au kwamba neno lenyewe linathibitisha maelfu ya miaka, analitwika mzigo lisioweza kuubeba. Hoja ziko kwingine. Wanaoshika saa 24 wanaonyesha yale maneno "ikawa jioni ikawa asubuhi", na wanaonyesha Kutoka 20:11, ambapo Mungu anawaamuru watu wafanye kazi siku sita na kupumzika ya saba kwa sababu yeye mwenyewe alifanya hivyo. Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Wanaoona siku ndefu wanajibu kwamba jua na mwezi vinatajwa siku ya nne, baada ya jioni tatu kupita, na kwamba siku ya saba haikufungwa kwa jioni wala asubuhi, hata Waebrania sura ya 4 inazungumza juu ya pumziko hilo kama mlango ambao bado uko wazi.

Wapo pia wanaokimbilia 2 Petro 3:8, "kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja." Hapa naomba tuwe waangalifu sana. Petro hakuwa akitupa kiwango cha kubadilishia, kama kile kinachobandikwa kwenye maduka ya fedha za kigeni kule mjini. Alikuwa akiwatuliza watu waliodhani Bwana anachelewa. Na Zaburi 90:4, alikochota maneno hayo, inasema miaka elfu ni kama siku ya jana iliyokwisha kupita, "na kama kesha la usiku." Kesha ni saa chache tu. Ikiwa miaka elfu hiyohiyo ni siku na pia ni kesha, basi si kipimo. Ni mwanadamu anayeinama mbele ya Mungu asiyezeeka.

Hata hivyo watu wamekitumia kama kipimo tangu zamani. Katika karne ya 2 Irenaeo, askofu wa Lyon, aliandika kwamba kwa idadi ya siku ambazo ulimwengu uliumbwa, kwa maelfu hayo ya miaka utamalizika: siku sita, miaka 6,000. Angalia kwamba yeye hakuwa akipima urefu wa siku za uumbaji. Alikuwa akipima historia. Lakini mbegu ilikwisha pandwa, na kila kizazi kilichofuata kikataka kujua saa imefika ngapi.

Hapo ndipo naingia kwetu Waanglikana, maana sitaki kusema habari za nyumba ya jirani kabla ya kufagia yetu. Mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, msomi mkubwa kweli, alichapisha kitabu kilichoweka mwanzo wa uumbaji mwezi wa Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kuanzia 1701 tarehe zake zikawa zinachapishwa pembezoni mwa Biblia ya Kiingereza ya King James. Pembezoni mwa Biblia, mama! Watu waliisoma tarehe hiyo vizazi na vizazi, na wengi hawakutenganisha kilichoandikwa katikati ya ukurasa na kilichoandikwa kando yake. Kisha ikaja kuondolewa kwenye matoleo mapya, na Wakristo wengi leo hawajui kwamba iliwahi kuwapo.

Na Ussher hakuwa peke yake mwenye hesabu. Wayahudi wanahesabu kutoka mwaka 3761 kabla ya Kristo. Wakristo wa Byzantium, ule ufalme wa kale wa mashariki, walihesabu kutoka 5509. Mapokeo ya ndugu zetu wa Ethiopia, ambao majirani zao wa Eastleigh wanawafahamu, huweka miaka 5,500 kati ya Adamu na Kristo. Wote hao wanasoma Maandiko, wote wana heshima, na kati ya wa kwanza na wa pili kuna zaidi ya miaka 1,700. Sababu haijafichika. Biblia yako inasema Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema 230. Tofauti za namna hiyo zinarudiwa kwa mababu wengi, mia juu ya mia. Ndiyo maana mimi sithubutu kumpa mtoto tarehe.

Sasa ile 7,000 ya baba yako. Naijua. Ilifundishwa kwa miaka mingi katika machapisho ya Mashahidi wa Yehova, na ilijengwa hivi: siku ya saba bado inaendelea, ina miaka kama 6,000 ya historia ya wanadamu, na utafuata utawala wa Kristo wa miaka 1,000, jumla ni 7,000, basi na siku nyingine sita ziwe na urefu huo, na juma zima la uumbaji liwe miaka 49,000. Kitabu chao cha 1966 kilionyesha kwamba ile miaka 6,000 ya mwanadamu ingetimia 1975, na matarajio yakapanda. Mwaka 1980 gazeti lao lilieleza masikitiko juu ya hayo. Hesabu ya 7,000 yenyewe ilikuwa bado ikichapishwa katika miaka ya 1980. Maandiko yao ya siku hizi yanazungumza juu ya vipindi virefu bila idadi hiyo. Siandiki haya kuwadharau. Nimekwisha kusema Ussher alikuwa wa kwetu, na kosa la hesabu zote mbili ni moja: kuchukua jambo ambalo Maandiko yamenyamazia na kulifanya nguzo ya nyumba.

Mbona basi wengi walihama kutoka hesabu hizo? Kwa sababu ya mawe. James Hutton wa Scotland aliandika mwaka 1788 kwamba katika miamba haoni dalili ya mwanzo wala tazamio la mwisho. Waliokuja kusoma miamba hiyo baada yake, wengi walikuwa watu wa kanisa. Mhubiri Thomas Chalmers akasema huenda kuna muda mrefu mno kati ya mstari wa 1 na wa 2 wa Mwanzo. Hugh Miller, aliyeanza maisha kama fundi wa mawe, akasema siku zenyewe ni enzi. Biblia ya maelezo ya Scofield, iliyopendwa sana na Wakristo wa kiinjili wa Marekani tangu 1909, ilibeba ile fikra ya Chalmers ya pengo. Mwaka huohuo tume ya Biblia ya Kanisa Katoliki iliruhusu yom ieleweke kama siku halisi au kama muda fulani. Nadhani mhubiri wenu angeshangaa kusikia hayo. Msisitizo wa leo kwamba dunia ni changa ulipata nguvu baadaye, kupitia kitabu cha Mwadventista George McCready Price cha 1923, kisha kitabu cha Whitcomb na Morris juu ya Gharika cha 1961. Waadventista wenyewe, walipokutana San Antonio, Texas, mwaka 2015, walipigia kura maneno mapya ya imani yao ili iseme wazi kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita na wa karibuni. Sikubaliani nao kuhusu "karibuni", lakini nawaheshimu kwa jambo moja: walibadilisha maneno hadharani, kila mtu akasikia.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la tushike lipi. Mwalimu anayebadilika si wa kuogopwa. Mwogope anayebadilika halafu akakuacha ukidhani hakuwahi kusema vingine. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa nchi tunayoiita leo Algeria, alikifafanua kitabu cha Mwanzo zaidi ya mara moja, na hakusoma vilevile kila mara. Aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja, na kwamba siku hizo ni za namna ambayo ni vigumu sana kwetu kuiwaza, au haiwezekani kabisa. Alipozeeka aliketi akavipitia vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, akiandika alipokosea. Juu ya ufafanuzi wake mkubwa wa Mwanzo alikiri kwamba ndani yake mna maswali mengi kuliko majibu. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alifundisha saa 24. Kanisa halikumfukuza Basili wala Augustino. Wote wawili tunawaita watakatifu. Anayesema asiyekubali saa 24 hana imani, amwambie Augustino kwanza.

Mimi mwenyewe nasomaje? Naona juma la kazi, limepangwa kwa makusudi. Siku tatu za kwanza Mungu anatengeneza mahali, siku tatu zinazofuata anapawekea wenyeji. Nuru siku ya kwanza, mianga siku ya nne. Maji na anga siku ya pili, samaki na ndege siku ya tano. Nchi kavu na mimea siku ya tatu, wanyama na mwanadamu siku ya sita. Jioni na asubuhi ni jioni na asubuhi kweli, lakini juma ni la Mungu, limesimuliwa kwa sura ya juma letu ili mtumwa aliyetoka Misri, asiyejua likizo, ajue kwamba Muumba wake alipumzika na anamtaka naye apumzike. Muda wa saa ya ukutani sioni kama unatajwa. Nimekaa na fikra hii miaka mingi. Nikionyeshwa vizuri zaidi nitahama, na nitawaambia nimehama.

Kuhusu makumbusho: mifupa aliyoiona mwanao yaelekea ni ya yule kijana wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza mwaka 1984, kidogo, rangi ya mawe yaliyokizunguka. Umri wake ni kama miaka milioni 1.5. Makumbusho yalipokuwa yakikarabatiwa mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa hapa Nairobi walitaka mifupa hiyo isipewe nafasi ya mbele. Nilihuzunika wakati ule na nahuzunika hata sasa, maana mtoto akifundishwa kuogopa mfupa atadhani Mungu wake ni mdogo kuliko mfupa. Ukipata nauli, mpeleke na Olorgesailie, barabara ya Magadi, akaone mashoka ya mawe yamelala pale yalipoachwa. Mwache aulize. Usimharakishe.

Na babu yake. Ndiyo, mwambie hesabu haikuwa sahihi. Mtoto wa Gredi ya 7 anajua kusahihishwa hesabu na bado akampenda aliyeikosea. Mwambie pia kwamba babu alipewa idadi na watu aliowaamini, akaketi na penseli kuichunguza katika Maandiko badala ya kuimeza tu. Usiifute ile penseli. Keti naye jioni moja, mpe Biblia ileile, mwambie asome 1:5 kwa sauti, kisha mwulize yeye ni maneno mangapi ya "siku" anayoyaona hapo. Akisema ni moja, mwambie atazame tena kwenye mchana.