Kitambulisho cha Texas hakitaki leseni, acheni kumdanganya huyu kijana

Mwanangu, nimesoma uliyoandika kwenye grupu ya familia, kwamba kuna mtu hapo Mombasa anakwambia Marekani bila leseni benki hawakutaki na nyumba hupati, kwa hivyo ununue leseni kwake hata kama gari hujui, ukifika Houston uibadilishe. Usimpe hata shilingi. Leseni ya Kenya hapa Texas haibadilishwi, utafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani kama mwengine yeyote, sasa hiyo ya kununua itakufaa nini zaidi ya kukutia matatani?

Kitambulisho cha jimbo cha mtu asiyeendesha kipo. Kinatoka ofisi hiyo hiyo ya leseni, DPS, dola 16 kwa umri wako, unapigwa picha, unachukuliwa alama ya kidole gumba, basi. Habari ya gari hawana. Wanachotaka ni pasipoti na viza, I-94 (rekodi ya kuingia kwako nchini), I-20 ya shule (fomu ya kuonyesha wewe ni mwanafunzi wao), halafu uthibitisho wa unapoishi, na hapo kwa unapoishi ndipo watu wanapolia.

Utakuja kwangu, sawa, mlango uko wazi. Lakini kwangu mkataba wa nyumba una jina langu, stima jina langu, maji jina langu, wewe huna karatasi hata moja inayosema uko Texas. Wanataka mbili, zisitoke sehemu moja, na mojawapo ionyeshe umekaa siku 30. Kuna fomu ya mwenye nyumba kukuandikia kwamba unaishi kwake, lakini wanataka karatasi ya kuonyesha undugu, na undugu wa mjomba na mpwa sisi tunaujua kwa mdomo tu, haukuandikwa popote. Bila hiyo mwenye nyumba aende nawe mpaka dirishani. Mimi nitaenda. Lakini nimeona vijana wakikaa miezi na pasipoti mfukoni kwa sababu mwenyeji analipwa kwa saa na kila wiki anasema wiki ijayo, na kijana anaona haya kuuliza tena kwa sababu anakula kwake bure. Hilo linaniuma sana, mtu mzima anakuwa kama mzigo kwa ajili ya bili ya stima.

Kwa hivyo wiki ya kwanza fungua akaunti ya benki kwa pasipoti, stetimenti ije kwa posta kwa jina lako, na laini ya simu iwe na bili ya jina lako, usijiunge na yangu hata nikikubembeleza ni rahisi. Namba ya soshol (Social Security, namba ya serikali ya kazi na kodi) usiingojee, mwanafunzi haipati mpaka apate kazi inayoruhusiwa, kama ya chuoni, na DPS wana fomu ya asiyekuwa nayo.

Jambo moja usilisahau hata ukisahau mengine yote. Kwenye fomu watauliza kama wewe ni raia na kama unataka kuandikishwa kupiga kura. HAPANA, zote mbili. Hata karani akiwa na haraka, soma kabla ya kusaini. Kujiita raia na wewe si raia kunaweza kukufungia nchi hii maisha, na "sikuelewa swali" haikuokoi.

Kadi ikitoka usishangae imeandikwa mwisho wake mapema, inafuata makaratasi yako. Ndege za ndani hata pasipoti inatosha, hiyo sheria ya Real ID, ya kutaka kitambulisho cha viwango vya serikali kuu kupanda ndege, iliyoanza 7 Mei 2025 isikutishe, ila pasipoti usizurure nayo, ikipotea ni ubalozi na Washington ni mbali.

Na gari usilikimbilie, litakumaliza pesa. Ila jifunze kuendesha huko huko kabla hujaja, Houston bila gari ni mateso, basi unalingoja juani mpaka unachelewa darasa.

Nitumie picha ya I-20 na ya pasipoti nione majina yako matatu yamepangwa sawa, kama hayafanani shule irekebishe kabla hujakata tiketi.