Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Kupuliza, Mirija, na Kanga Ilioingia Manjano

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu ule mchezo wa kupuliza rangi na watoto wadogo, yaani unatia tone la rangi ya maji juu ya karatasi, mtoto anashika mrija analipuliza linakimbia linatoa matawi, basi maswali yamemiminika. Nimechukua haya hapa, mengine yanafanana nayo.

Asalaam aleikum bibie. Mie niko Fuoni, nna watoto wawili, mmoja miaka minne mmoja sita. Nimenunua rangi za chupa stationari, nikatia tone kwenye karatasi ya daftari, mtoto kapuliza mpaka mashavu yakamuuma na rangi haijasogea, mwisho karatasi ikatoboka. Yule mkubwa kaniambia mama hii haifanyi kazi, kaenda zake kucheza mpira. Tatizo nini?

Waaleikum salaam mama. Rangi yako nzito na karatasi yako nyembamba, ndo hayo tu. Zile rangi za chupa zimetengenezwa kwa brashi, zinatakiwa zikae pale unapoziweka, sasa wewe unataka zikimbie. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, tia rangi nusu maji nusu, koroga, halafu kabla hujamwita mtoto ijaribu mwenyewe: tia tone kwenye karatasi, inamisha karatasi kidogo. Tone likiteremka lenyewe liko sawa, likigoma ongeza maji, likitawanyika likawa kidimbwi kisicho na rangi basi umezidisha, rudisha rangi.

Karatasi ya daftari inakunywa maji, ndo maana inatoboka. Tafuta manila, au kama hutaki kutoa pesa geuza kalenda ya ukutani ya mwaka jana, ile karatasi yake ngumu na laini, rangi inateleza juu yake vizuri sana, mie naipenda kuliko hata manila. Boksi la biskuti usijisumbue nalo, linafyonza kila kitu.

Na kupuliza kwenyewe kuna namna yake. Watoto wengi wanasimamisha mrija wima juu ya tone wanapuliza kwa nguvu zao zote, rangi inaruka pande zote mpaka usoni. Mwambie aulaze mrija, ncha iwe karibu na tone lakini isiliguse, apulize kwa ubavu. Akipuliza pole pole utaona tone linatetemeka tu, ukingo wake unavimba upande wa mbele, akiongeza kidogo ule ukingo unapasuka na mguu mmoja mwembamba unachomoka unakwenda zake, ukikutana na sehemu kavu unasita halafu unagawanyika mara mbili. Hapo ndo mtoto anashtuka anacheka. Basi afate ule mguu kwa mrija wake, au azungushe karatasi, sio lazima yeye azunguke meza. Matone yawe madogo, ukubwa wa punje ya hindi unatosha.

Apulize vipumzi vifupi vifupi apumzike, kwa sababu akikazana kupuliza mfululizo kichwa kitamzunguka, si ugonjwa, ni pumzi anaitoa nyingi kwa mpigo. Mwenye pumu ndo umwangalie zaidi, akisema basi iwe basi.

Rangi mpe mbili tu mwanzo. Njano na buluu zikikutana zinatoa kijani, nyekundu na njano zinatoa rangi ya chungwa, na raha yote iko pale anapoona yeye mwenyewe kijani kimetokea na hakuna mtu alietia kijani. Ukimwagia zote kwa pamoja utapata rangi ya maji ya mtaro na huyo wa miaka sita atarudi kwenye mpira wake.

Mie ni mwalimu wa nasari hapa Wete, nina watoto thelathini na pesa ya vifaa hakuna. Nyumbani tunasuka mikeka, rangi ya ukili ipo ya kutosha. Naweza kuitumia? Na mirija naweza kukata mabua ya majani ya mpapai kama tulivokuwa tukipulizia mapovu ya sabuni tulipokuwa wadogo?

Mwalimu wangu, rangi ya ukili hapana. Ile poda tunayochemshia ukili sufuriani imetengenezwa kushika kwenye ukili, haikutengenezwa kuingia mdomoni mwa mtoto, na huu ni mchezo wa mdomo, rangi iko chini ya pua yake muda wote na mmoja katika hao thelathini lazima atavuta badala ya kupuliza. Piko vilevile usifikirie kabisa, ule weusi wa piko una dawa ya kupaka nywele na kuna watu wazima wanaungua nayo mikono siku ya harusi, sembuse mtoto. Na rangi za mafuta za kupakia milango na baskeli ndo usiguse. Najua mtu ataniambia mbona Tingatinga, kweli Edward Said Tingatinga alivoanza kule Dar es Salaam mwaka 1968 alichorea rangi za baskeli kwenye mbao za kubana, na mpaka leo picha za mtindo wake zimejaa maduka ya Mji Mkongwe, lakini yule alikuwa mtu mzima ana brashi mkononi, hakuwa na mrija mdomoni.

Tumia rangi ya chakula, ile ya kutilia biriani, ilio kwenye pakiti imeandikwa ya chakula, usichukue ya kupimiwa kwenye karatasi sokoni huijui imetoka wapi. Inaenda mbali, ncha ya kijiko kwenye vijiko vitatu vinne vya maji inang'ara. Manjano ya jikoni, ile bizari, nayo yanafaa, ila hayayeyuki vizuri yanakaa chini ya kikombe, yachuje kwa kitambaa na uwe unakoroga kila mara.

Mabua ya mpapai ndio, yanafaa, tena nimefurahi umekumbuka. Ila utomvu wake unawasha, kwahiyo yakate siku moja kabla, yasuuze nje na ndani, yaache yakauke, na wadogo kabisa usiwape. Wengine wanatumia ganda la kalamu ya biki, sawa, lakini toa kile kizibo cha nyuma na kifuniko uvitie mfukoni mwako sio mezani, vinamezeka. Ukibahatika kupata mirija ya kawaida, itoboe kwa pini kitundu kimoja upande wa juu karibu na mdomo: mtoto akipuliza pumzi inatosha kusukuma rangi, akivuta anavuta hewa ya kwenye kitundu na rangi haipandi. Kila mtoto na mrija wake, jina kwenye plasta, wasibadilishane hata kama ni ndugu, mafua ya nasari unayajua mwenyewe.

Kabla ya rangi wajaribu na kipande cha pamba mezani. Anaekisukuma pamba kwa mrija anajua kupuliza, anaekivuta kikamganda kwenye ncha bado, mpe rangi achoree vidole leo. Wa chini ya miaka mitatu wengi wako hapo.

Na usiwaweke thelathini kwa mpigo mwalimu. Sita kwenye jamvi, waliobaki waimbe au wachoree chaki sakafuni, kesho sita wengine. Upepo wa kusi ukiwa umeanza weka jiwe kila pembe ya karatasi ama fanyeni ndani, na wakati wa masika kazi hazikauki hata kesho yake, zilaze bapa, ukizitundika kwenye kamba rangi yote itakimbilia chini.

Mimi baba, Jang'ombe. Mwanangu karudi skuli na karatasi ina madoa. Namuuliza hii nini, ananiambia samaki. Sio samaki. Ada nalipa. Hivi wanafundishwa nini?

Kaka, samaki umemlazimisha wewe. Mtoto alipuliza rangi, hakuchora kitu, ulipomuuliza hii nini akaona baba anataka jina basi akakupa la kwanza lililomjia. Muulize ulifanyaje, uone atakavokueleza: nlitia hapa, nkapuliza ikaenda kule, ikagongana na ya Fulani ikawa kijani. Huyo ameona kwamba rangi yenye maji inakimbia na nzito inakaa, ameona pumzi kubwa inarusha na ndogo inasukuma. Ana miaka mingapi, mitano? Mie naona ada yako imefanya kazi.

Kama roho yako haitulii mpaka uone kitu, kaeni wote Ijumaa jioni, tieni tone la rangi ya udongo chini ya karatasi alipulize kwenda juu, litatoa shina na vitawi. Likikauka achovye ncha ya kidole kwenye nyekundu iliochanganywa na maji ya njano kidogo, agonge vinukta vitatu vitatu kwenye ncha za matawi. Hapo una mkarafuu, mpelekee bibi yake Pemba. Ila siku nyingine mwache apulize tu, na wewe chukua mrija wako upulize wako, usimshike mkono wala usimrekebishie.

Kuna wazazi wengine wameniandikia kinyume chako, wao wameridhika haswa kwa sababu kazi hizi hazina taswira ya kiumbe. Mie si shekhe, hilo nawaachia wenyewe.

Dada, nimeambiwa mtoto akipuliza puliza ulimi unafunguka. Wangu ana miaka mitatu maneno machache sana. Nimpulizishe kila siku?

Apulize kama anafurahi, lakini usiifanye dawa dada yangu. Kupuliza na kusema vinatumia mdomo huohuo ila sio kazi moja, na waliochunguza mazoezi ya namna hiyo hawajaona ushahidi wa maana kwamba yanaleta maneno. Kinacholeta maneno ni nyinyi wawili kuongea wakati mnacheza: imekimbia, imesimama, juu, chini, tena, pole pole, yangu, yako. Sema wewe, ngoja, mwangalie usoni, mpe nafasi ajibu hata kwa kidole. Na mpeleke hospitali wamwangalie, waanze na masikio, wengine hawasemi kwa sababu hawasikii vizuri na nyumbani hamna alojua. Usingoje afike miaka mitano eti baba yake nae alichelewa.

Shoga, manjano yameingia kwenye kanga yangu mpya, nimefua na sabuni imekuwa nyekundu! Nimeharibu?

Hujaharibu, manjano yakikutana na sabuni yanageuka mekundu, ndo tabia yake. Suuza kwa maji mengi sabuni yote itoke, kamulia ndimu itarudi njano, halafu ianike juani siku mbili tatu, manjano hayahimili jua yanapauka yenyewe. Ila usiiache wiki nzima, na rangi za kanga nazo zitapauka. Kwa sababu hiyohiyo kazi za watoto za manjano usizibandike ukuta unaopigwa na jua. Na hilo la sabuni wafanyie watoto makusudi, karatasi ilopulizwa manjano ikishakauka wape maji ya sabuni ya kufulia kidogo kwa kijiti cha pamba waguse, itageuka mbele ya macho yao. Mikono waoshe baadae, na hapo tena itakuwa myekundu kidogo, usiogope.