Maswali na Majibu: Muziki wa Red Alert Umesafishwa au Umepigwa Upya?

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, Kigoma. Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wetu alikuwa na kompyuta sebuleni, nasi tulicheza Red Alert na Age of Empires II hadi umeme ukatike. Mwaka huu mdogo wangu amenunua matoleo mapya ya michezo hiyo, naye anashikilia kwamba muziki wake umesafishwa tu na sasa ni mzuri maradufu. Mimi katika Red Alert nasikia vitu ambavyo havikuwepo, na katika Age of Empires II nasikia muziki mwingine kabisa. Je, sikio langu limezeeka? Na tufanyeje ili tulinganishe kwa haki?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Sikio lako ni zima. Kilichowagombanisha wewe na mdogo wako ni kwamba kazi mbili tofauti zimepewa jina moja. Kuna kusafisha rekodi ile ile ya zamani, na kuna kuupanga na kuupiga muziki upya. Wazee wa hapa Tabora waliokua wakiisikiliza Tabora Jazz redioni watanielewa upesi, kwa sababu kuondoa mikwaruzo kwenye mkanda wa zamani si sawa na kuwaita wanamuziki wengine studioni waupige wimbo huo tena.

Tuanze na Red Alert, ambayo muziki wake ulitungwa na Frank Klepacki na mchezo wenyewe ukatoka mwaka 1996. Siku hizo sidii ilipaswa kubeba mchezo, filamu zake fupi na muziki pamoja, kwa hiyo muziki ulibanwa na kuchukuliwa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 22,050 tu kwa sekunde. Sauti iliyochukuliwa hivyo haiwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu ya idadi hiyo, yaani kama hezi 11,000, ilhali sikio la kijana hufika karibu hezi 20,000. Kinachopotea hapo ni ule ung'avu wa juu: matoazi, mkwaruzo wa nyuzi za gitaa, ukali wa chuma kinapogonga chuma.

Sikiliza mwanzo wa wimbo uitwao Hell March, pale buti za askari zinapokanyaga kwa pamoja kabla gitaa halijaingia. Katika mchezo wa zamani kila hatua ni kishindo kizito kilichofunikwa, kama mtu anayetwanga kinu chumba cha pili na mlango umefungwa. Katika toleo jipya, yaani mkusanyiko wa Juni 2020, unaounganisha mchezo huo na Command & Conquer ya mwaka 1995, mlango umefunguliwa, na unasikia soli inavyosaga ardhi kabla ya mguu kuinuka. Klepacki mwenyewe ndiye aliyeirudia kazi hiyo, zaidi ya saa saba za muziki. Kwa hiyo mengi unayodhani yameongezwa yalipigwa tangu siku ya kwanza, ila spika za mjomba hazikuwahi kuletewa.

Hata hivyo, chunguza jambo moja kabla hujampa mdogo wako ushindi. Mkusanyiko huo una pia nyimbo za nyongeza ambazo Klepacki alizirekodi upya akishirikiana na kundi la The Tiberian Sons, na mchezaji anaweza kuziteua yeye mwenyewe pamoja na za zamani na zilizosafishwa. Ikiwa alichokusikilizisha ni mojawapo ya hizo za nyongeza, basi mlikuwa mkilinganisha upigaji wa watu wengine na hukuwa umekosea hata kidogo.

Kwa Age of Empires II nipo upande wako moja kwa moja. Muziki wa mwaka 1999 ulikuwa wa Stephen Rippy, na kwa toleo la mwaka 2019 Todd Masten aliupanga upya. Hapo hakuna suala la kusafisha. Mimi naupenda zaidi ule wa zamani, na sababu yangu inatokana na mchezo wenyewe. Mchezaji wa mikakati anacheza kwa masikio pia, maana akiwa upande mmoja wa ramani akihesabu kuni na dhahabu, lazima asikie onyo kwamba adui amevamia upande wa pili. Muziki wa Rippy uliacha nafasi kati ya ngoma na ngoma, na sauti ya onyo ikapita humo. Mpangilio mpya ni mpana na unapendeza ukiusikiliza peke yake, lakini vita vinapochacha naona unajaza mahali palipopaswa kubaki wazi.

Sasa namna ya kulinganisha. La kwanza, na ndilo linalowaponza wengi, sawazisheni ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio huona chenye sauti kubwa kidogo ndicho kizuri, hata tofauti ikiwa ni desibeli moja au mbili tu. Zimeni sauti za askari na milipuko kwenye mipangilio, tumieni hedifoni zile zile, na muanze wimbo pale pale katika matoleo yote mawili. Mmoja aketi akitazama ukuta, mwingine abadilishe bila kusema neno, mara kumi, na majibu yaandikwe kabla ya kuulizana. Kisha rudieni kwa spika ndogo za aina ile aliyokuwa nayo mjomba. Spika hizo hazitoi besi wala ung'avu mwingi, na huenda zikawafanya mshindwe kutofautisha Red Alert ya zamani na mpya, huku Age of Empires II mkiitambua kila mara.